Mwasumini Uliorudi Likoni

Waswahili husema akiba haiozi. Msemo huo ni wa kweli kwa fedha, na huenda ukawa wa kweli kwa mahindi yaliyo ghalani. Lakini mtu yeyote aliyepata kuwa na shina la mchaichai nyuma ya jiko lake, au mwasumini kando ya kisima, anajua kwamba akiba ya mmea huoza. Mmea ukiachwa usongamane, kwa kudhani kuwa wingi wake ndio utajiri, huanza kufa kutoka katikati. Mimi nimelijua jambo hilo kwa kulilipia, na leo nataka kusimulia nilivyolipa, ili pengine msomaji asije akalipa kama mimi.

Kwetu ni Likoni. Nyanya yangu, Mola amrehemu, alihamia ng'ambo hii akitoka Mji wa Kale, akavuka kivukoni na vyombo vyake: kitanda, sanduku la nguo, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, na mkebe mmoja uliofunikwa kwa kitambaa kibichi. Ndani ya mkebe mlikuwa na pando la mwasumini alilolikata katika ua wa mamake. Vile vyombo vingine viliharibika kimoja kimoja kwa miaka. Lile pando ndilo lililoota.

Nilipopata akili, katika miaka ya mwisho ya 1960, mwasumini ule ulikuwa umetanda kutoka ukuta wa jikoni mpaka kisimani. Kila siku baada ya swala ya Laasiri wasichana wa mtaani walikuja na visahani kuchuma matumba ambayo bado hayajafunguka, kwa sababu asumini hufunguka jioni na usiku. Anayeichuma Laasiri huipata imefunguka Isha, ikiwa juu ya nywele au kifuani pa mwenyewe. Hapo ndipo palipofungwa vikuba: asumini, mrihani, kadi, na waridi likipatikana, vikafungwa pamoja kwa uzi. Hapakuwa na harusi katika mtaa wetu ambayo harufu yake haikutoka katika ua ule.

SIKU YA KUPUNGUZA

Kila mwaka, kaskazi ikiisha nguvu na mawingu ya kwanza ya masika yakionekana upande wa bahari, nyanya alituita sisi wajukuu na kutwambia, "Leo twapunguza." Tulikuwa tukiijua siku hiyo kama tunavyoijua siku ya Idi. Jembe lilitolewa, panga likanolewa, na mikebe yote ya samli na maziwa aliyokuwa ameiweka mwaka mzima chini ya kitanda ikapangwa barazani, kila mmoja umetobolewa chini kwa msumari.

Aliung'oa mchaichai wote, akaupasua mafungu. Aliupogoa mwasumini mpaka sisi watoto tukadhani ameuua. Alitoa vitoto vya mkadi na vya msubili, na machipukizi ya migomba. Hata magharibi ilipokaribia, baraza ilikuwa imejaa mikebe na mafungu yaliyofungwa kwa kamba za makuti. Kisha tulitumwa, "Nenda kwa fulani, sema nyanya awasalimu, na hiki chenu."

Hakungoja kuombwa. Tena alianza na yule aliyehamia mtaani karibuni zaidi, awe Mdigo wa Mtongwe au mtu wa bara aliyekuja kufanya kazi bandarini. Alisema kuwa mgeni akiwa na mti wake mlangoni huacha kuwa mgeni.

Siku moja nilimwuliza, "Nyanya, mbona wawapa watu machipukizi mazuri, na sisi twabaki na mashina makuukuu?"

Akaniambia, "Njoo, mjukuu wangu, keti hapa." Akanisimulia kisa ambacho Waislamu wengi wamekisikia, na Imamu Tirmidhi amekipokea katika hadithi zake. Alichinjwa kondoo katika nyumba ya Mtume (S.A.W.), na nyama ikagawiwa watu. Mtume akauliza kimebaki nini. Bibi Aisha akajibu kuwa hakikubaki ila bega. Mtume akamfahamisha kuwa kilichobaki ni chote isipokuwa hilo bega.

"Basi na mwasumini ni hivyo hivyo," nyanya akasema. "Ulioko kwa watu ndio wetu. Huu ulioko hapa, akiingia mbuzi mmoja, umekwisha."

Nilikuwa mtoto, nikacheka kwa kile kisa cha mbuzi. Maana yake niliipata baada ya zaidi ya miaka hamsini.

AMRI YANGU MBAYA

Nyanya alifariki mwaka 1991. Kwa muda tukaifuata desturi yake, halafu tukaiacha kidogo kidogo, kama mambo mengi yanavyoachwa. Mimi nikapanua nyumba, nikajenga ukuta, nikatandika matofali ya saruji uani ili gari lipate pa kukaa. Mwasumini nikauachia kipande kidogo pembeni, kama pambo. Nikaweka na amri: asiukate mtu.

Mke wa jirani yangu aliniomba pando mara ya kwanza, nikamwambia angoje mti upate nguvu. Akaniomba mara ya pili, nikamwambia angoje mvua. Mvua zikaja na kupita. Mara ya tatu hakuomba tena. Naandika haya bila ya kujisifu.

Walakini ule mti niliokuwa nikiulinda haukunishukuru. Mwasumini huchanua kwenye matawi machanga, na matawi machanga hutoka kwa wingi mti ukipogolewa. Wangu ukawa msitu wa miti mikavu ndani, na majani machache juu yake, maua ya kuhesabika kwa vidole. Mchaichai nao ulikuwa umekauka katikati, ukabaki duara la majani membamba yasiyo na harufu, kama kiota kilichohamwa.

Kisha ukaja ukame. Kuanzia mvua za vuli za mwaka 2020 mpaka zile za mwaka 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa mibaya katika sehemu nyingi za Kenya. Sisi wa Likoni tunajua maana ya maji: siku nyingi hununuliwa kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni, na mtu mwenye watoto hawezi kuukata mtungi katikati kwa ajili ya ua. Mwishoni mwa mwaka 2022 mwasumini wa nyanya yangu ulikuwa kuni.

Mwanzoni mwa mwaka 2023, mwezi wa Shaabani, tulikuwa na harusi ya binti yetu. Mke wangu akaniuliza, "Bwana, vikuba vya mwanao tutavifunga kwa nini?" Maua ya kununua yapo mjini, hilo najua. Lakini nyumba yetu ilikuwa haijapata kununua asumini, na mke wangu alikuwa akilijua hilo zaidi yangu mimi.

Nikatoka kuzitafuta nyumba nilizotumwa utotoni na mikebe. Ya kwanza ilikuwa imevunjwa, pamejengwa ghorofa. Ya pili, kiwanja kilikuwa kimeuzwa. Ya tatu, ua ulikuwa umetandikwa saruji kama wangu. Nikarudi nikapita mlangoni kwa yule mke wa jirani. Nikamweleza. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Ungalinipa siku ile, leo ungalikuja kuuchukua kwangu."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

CHANGAMWE

Shangazi yangu ndiye aliyekumbuka. Katika miaka ya 1970 binti wa nyumba ya pili na yetu aliolewa Changamwe, na nyanya akamfungia pando katika mkebe siku ya kuondoka kwake. Nikavuka kivuko, nikapanda matatu ya Magongo, nikauliza hapa na pale mpaka nikafika. Nilimkuta bi mkubwa ameketi kizingitini anachambua mchele.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Wewe u mtoto wa nani?"

Nilipomtajia nyanya, akauweka ungo chini. Hakuniuliza nimejia nini. Aliniongoza moja kwa moja mpaka uani, na kabla sijauona mti niliinusa harufu nikasimama. Ulikuwa umekatwa vizuri, mfupi, mpana, umejaa matumba katika lile jua.

"Huu si wangu," akaniambia. "Huu ni wa nyanyako. Mimi nimewekewa tu."

Hapa nieleze kwa nini wake ulipona na wangu ukafa, maana si bahati peke yake. Likoni na sehemu kubwa ya Kisauni ni nchi ya mchanga na mawe ya matumbawe: maji humwagwa asubuhi, adhuhuri yamekwisha kuzama. Changamwe udongo wake ni mzito, wa mfinyanzi, unaopasuka wakati wa jua lakini hushika unyevu chini kwa muda mrefu. Katika mwaka wa mvua nyingi mambo hugeuka: udongo mzito hutuama maji na mizizi ikaoza, na ule wa mchanga ukasalimika. Basi mtu aliyeugawa mti wake Likoni, Changamwe na Kisauni amejikinga na kiangazi na mafuriko pamoja. Nyanya hakusoma kilimo, lakini hivyo ndivyo alivyofanya.

Bi mkubwa aliwaita wajukuu zake wakanichumia matumba ya kutosha harusi. Nilipomwomba pando, akakataa. "Jua hili la kaskazi litaliua hata hujafika kivukoni. Njoo mvua zikishika. Nitakukatia manne. Moja ni lako. Matatu si yako."

Nilirudi baada ya Idi ya kufungua, mwezi wa Aprili. Pando la kwanza nililipeleka kwa mke wa jirani kabla sijafika kwangu. La pili nilipanda katika ua wa madrasa. La tatu lilikwenda Kisauni, kwa jamaa zetu walionipa kitoto cha mkadi. La nne nikabandua matofali ya gari nikalipanda pale pale ulipokuwa ule wa zamani. Mwisho wa mwaka huo zikaja mvua kubwa za El Nino, na mti ukatambaa kama uliokuwa umefungwa kamba.

NAMNA YA KUUFANYA

Wako watakaosema: vizuri, lakini hatujui pa kuanzia. Basi haya ndiyo niliyoyaona kwa nyanya, na ninayoyafanya sasa. Wakati wake ni mvua zinapoanza, masika au vuli. Usipunguze kaskazi ikiwa kali.

Mchaichai ung'oe wote, usichungulie pembeni. Upasue kwa panga. Ile sehemu kavu ya katikati itupe, chukua vijishina vya pembeni vyenye mizizi. Kata majani ubakishe kiasi cha shibiri moja, kwani mmea usio na mizizi ya kutosha hauwezi kunywesha majani marefu. Panda kila kifungu hatua moja na mwenziwe, tia maji kila siku kwa wiki mbili. Shina moja la miaka mitatu hutosha nyumba kumi.

Mwasumini uondolee kwanza matawi makuukuu, uyakate karibu na chini, kiasi cha theluthi ya mti. Mapando yakate katika tawi ambalo si laini sana wala si gumu, urefu wa shibiri, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, bakisha mawili au matatu ya juu, chomeka nusu yake katika mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, weka kivulini. Baada ya mwezi au mwezi na nusu litakuwa na mizizi. Mwenye subira zaidi hulilaza tawi refu chini, akalikwaruza ganda, akalifukia na kuliwekea jiwe, na halikati kwa mama yake mpaka limeshika ardhi.

Mkadi una dume na jike, kila mmoja mti wake, na lile ua lenye harufu ni la dume. Kwa hiyo anayepanda mbegu hajui atakachopata, lakini anayechukua kitoto pembeni mwa mti aliounusa mwenyewe hakosei. Jihadhari na miba yake.

Mgomba haufai kuachwa na watoto wote. Kila shina libaki na watu watatu: mama aliyebeba mkungu, binti anayemfuata, na mjukuu mdogo. Wanaozidi wang'olewe. Chipukizi bora la kumpa jirani ni lile lenye majani membamba kama upanga, si lile dogo lenye majani mapana. Lakini kabla ya kulitoa, lichunguze chini. Likiwa na matundu ya fukusi, au mama yake amekauka majani kwa maradhi, usimpe mtu. Kumpa jirani ugonjwa si ukarimu.

Msubili ukitoa vitoto vyake, viache kivulini siku mbili tatu mpaka kidonda kikauke, ndipo upande. Maji machache yatosha. Na mrihani, ukiona umekuwa mgumu kama kuni, vunja vichwa vyake vichanga uvitie katika gilasi ya maji. Baada ya siku chache vitatoa mizizi. Mizizi ya miti yote hii ifunike kwa makumbi ya nazi, ambayo hushika unyevu na kupoza ardhi.

Wala si kila kinachozidi ni cha kugawa. Magugu maji yaliyoziba sehemu za Ziwa Viktoria asili yake ni Amerika ya Kusini, na dunia iliyapokea kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Mmea unaojisambaza wenyewe bila ya kuombwa hauhitaji msaada wa mkono wako.

UNASAFIRI KWA MKONO

Kuna jambo moja ambalo kila nikilifikiri hunishangaza. Mwasumini asili yake ni Asia ya Kusini. Ufilipino waliufanya ua la taifa mwaka 1934, na Indonesia nayo imeuweka miongoni mwa maua yake ya taifa. Lakini ukipandwa majumbani, kwa kawaida hauzai mbegu. Mchaichai pia ni hivyo. Maana yake ni kwamba hakuna ndege aliyeuleta pwani yetu, wala upepo. Kila mwasumini ulioko Mombasa umefika kwa mkono wa mtu aliyekubali kuukata wake akampa mwingine. Angalitokea mmoja katika silsila hiyo mwenye amri kama yangu, pale ungekatika.

Na sisi wa bara ya Mombasa tunalo la ziada. Wengi wetu tumeishi katika nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, na siku mwenye kiwanja akitaka chake unahama. Ardhi haibebeki. Kisima hakibebeki. Mti uliompa jirani, hata ukihamishwa wewe, utaukuta.

Dini yetu nayo haikulinyamazia jambo hili. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mwislamu akipanda mti, kikaliwa katika mti huo na mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Rehani, ambayo ndiyo iliyotupa jina la mrihani, imetajwa katika sura za Ar-Rahman na Al-Waqia. Tena Imamu Muslim amepokea kwamba Mtume ameusia mtu akipewa rehani asiirudishe, kwani ni nyepesi kubeba na nzuri kunusa. Ikiwa anayepewa ameusiwa asikatae, sembuse sisi wenye nayo, tuliyoyaficha nyuma ya kuta?

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Katika mambo ya bustani hata huo moyo hautakiwi kuwa mkubwa, maana kinachotolewa ni kile ambacho kikibaki kitakuua vilivyobaki. Ni nadra kupata sadaka nyepesi namna hiyo.

Masika yaliyopita nilipanga mikebe barazani. Ilikuwa kumi na saba. Vijana walionipitia walidhani nafanya biashara, wakaniuliza bei. Nikawaambia bei yake ni mmoja kwa wanne, kama nilivyouziwa mimi Changamwe. Wengine walicheka wakapita. Watano walichukua.

Mwezi uliofuata lango letu liliachwa wazi usiku, na mbuzi akaingia. Asubuhi nilikuta vijiti. Safari hii sikuhangaika. Nilimpa mjukuu wangu kisahani, nikamwambia aende kwa jirani baada ya Laasiri, apige hodi, na aseme babu awasalimu.